Mbegu Haijachoka: Urithi wa Kinga dhidi ya Kutu ya Ngano

Utangulizi

Mkulima wa ngano katika Trans Nzoia, kaunti ambayo makao yake makuu ni mji wa Kitale, anaweza kupanda aina moja ya mbegu kwa miaka kadhaa na kuvuna vizuri kila mwaka. Kisha msimu mmoja, mvua ikiwa ya kutosha na mbolea ikiwa ile ile, shamba hubadilika rangi. Mashina hujaa madoa ya hudhurungi, majani hunyauka kabla ya wakati, na masuke yanapopurwa hutoa punje nyembamba zisizojaa gunia. Aghalabu hukumu inayotolewa huwa fupi: mbegu imechoka.

Kauli hiyo ina mantiki yake. Mwenye kuitamka ameona kwa macho yake kwamba kinga aliyoinunua pamoja na mbegu haipo tena. Hata hivyo, kauli yenyewe haielezi ukweli wa mambo, na kosa lililomo ndani yake lina gharama. Anayeamini kwamba mbegu imechoka atatafuta mbegu mpya ya aina ile ile, naye atavuna hasara ile ile. Makala haya yanaeleza jinsi kinga ya kutu inavyoingizwa katika ngano kutoka kwa nyasi za porini na nafaka nyingine zilizo jamaa zake, jinsi inavyorithiwa kutoka kizazi hadi kizazi, na kwa nini hushindwa ilhali mbegu haijapoteza chochote.

Jambo hili haliwahusu wakulima wa ngano pekee. Bungoma, iliyo jirani na Trans Nzoia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hujulikana zaidi kwa miwa, mahindi, maharagwe na wimbi kuliko kwa ngano. Lakini chapati na mandazi huliwa Bungoma kama zinavyoliwa kote nchini, na Kenya huagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya ngano inayoitumia. Kila gunia linaloharibiwa na kutu huongeza utegemezi huo. Zaidi ya hayo, wimbi wa Bungoma una somo lake kuhusu jamaa wa porini, kama itakavyoonekana baadaye.

Kutu ni nini?

Neno kutu kwa asili hutaja uharibifu wa chuma. Ugonjwa wa ngano ulipewa jina hilo kwa sababu ya rangi: anayepitisha kidole kwenye shina lililougua hukitoa kimejaa vumbi jekundu kama la bati kuukuu. Mfanano huo unaishia hapo. Kutu ya chuma haina uhai, ilhali kutu ya ngano ni kiumbe hai cha jamii ya kuvu, kinachokula, kinachozaana na, muhimu zaidi kwa mjadala huu, kinachobadilika.

Kutu za ngano ni tatu: ya shina, ya majani na ya manjano, na kila moja husababishwa na kuvu yake. Inayoogopwa kuliko zote ni ya shina, ambayo kuvu yake huitwa Puccinia graminis. Kuvu hii haiwezi kujilisha kwenye mmea mfu. Huingia ndani ya mmea ulio hai, hunyonya chakula kilichokusudiwa kujaza punje, kisha hupasua ngozi ya shina na kumwaga spora, yaani chembe ndogo mno za kuzaliana. Shina lililopasuliwa hupoteza maji na mara nyingi huvunjika. Spora nazo hupeperushwa na upepo kwa mamia ya kilomita, na mipaka ya kaunti au ya nchi haizizuii. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ngano hupandwa katika misimu tofauti mahali tofauti, kwa hiyo kuvu hupata karibu mwaka mzima shamba moja au jingine lenye ngano mbichi ya kuishi.

Uhasama huu ni wa tangu ngano ilipoanza kulimwa Kenya kwa wingi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alipanda ngano Njoro na kuiona ikiangamizwa na kutu. Akagharimia kazi ya kuzalisha aina zenye kinga, na mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikaanzisha huko Njoro kituo cha kuzalisha mimea. Kituo hicho, ambacho leo kimo chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ndicho kitovu cha utafiti wa kutu ya ngano nchini.

Ngano na jamaa zake

Ili kuelewa kinga hutoka wapi, ni muhimu kwanza kuielewa nasaba ya ngano. Ngano ya mkate ina kromosomu 42. Kromosomu ni nyuzi zilizomo ndani ya kila chembehai, na juu yake zimepangwa jeni, yaani vibeba urithi. Kromosomu hizo 42 ni koo tatu zilizokusanyika katika nyumba moja, kila ukoo ukiwa na kromosomu 14, au jozi 7. Wanasayansi huziita koo hizo A, B na D.

Koo hizo zilitoka kwa nyasi tatu za porini. Ukoo A ulitoka kwa ngano mwitu iitwayo Triticum urartu. Ukoo B ulitoka kwa unyasi uliokuwa jamaa wa karibu wa Aegilops speltoides. Ukoo D ulitoka kwa Aegilops tauschii, ambao hadi leo huota kama gugu katika nchi zilizo karibu na Bahari ya Kaspi. Ndoa ya mwisho kati ya hizo ilifanyika miaka elfu kadhaa iliyopita, wakati kilimo kilipokuwa bado kichanga. Hivyo basi, ngano yenyewe ni chotara wa nyasi za porini.

Ndoa hiyo ilileta faida na hasara. Kwa kuwa ilihusisha mimea michache tu, ngano ya mkate ilirithi sehemu ndogo ya utajiri wa jeni uliokuwa umetawanyika katika koo zake. Nyasi zilizobaki porini ziliendelea kupambana na kutu, zikafa zile dhaifu na kuzaana zile zenye kinga. Ndiyo sababu mtafiti anayekosa kinga ndani ya ngano huenda kubisha hodi kwa jamaa wa porini.

Kinga inavyohamishwa

Kuhamisha jeni kutoka kwa jamaa wa mbali si kazi nyepesi. Chavua ya unyasi wa porini ikiwekwa kwenye ua la ngano, mara nyingi mbegu haifanyiki, au kiinitete hufa kikiwa kichanga na hulazimu kilelewe katika chupa maabarani. Chotara akikua, huwa tasa kwa sababu kromosomu za pande mbili hazipati wenzi wa kuungana nazo. Utasa huo huondolewa kwa dawa iitwayo kolchisini, ambayo huzifanya kromosomu ziongezeke maradufu. Hatimaye chotara huyo hurudishwa kwa ngano mara nyingi, kizazi baada ya kizazi, ili asili ya porini ipungue na ibaki ile kinga tu.

Kuna kikwazo kingine ndani ya ngano yenyewe. Mwaka 1958 ilibainika kwamba ngano ina jeni, iliyokuja kuitwa Ph1, ambayo huilazimisha kila kromosomu iungane na mwenzi wake halisi pekee. Jeni hiyo ndiyo inayozifanya koo tatu ziishi kwa amani bila kuchanganyikana. Lakini pia humzuia mgeni: kromosomu ya unyasi wa porini haiwezi kubadilishana vipande na ya ngano.

Watafiti walitafuta njia za kukipita kikwazo hicho. Nchini Marekani, Edgar McFadden alianza mwaka 1916 kuzalisha ngano ya mkate na ngano ya kale iitwayo emmer, jamaa aliye karibu kiasi cha kutohitaji hila kubwa. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana aina iliyoitwa Hope, iliyobeba jeni ya kinga iitwayo Sr2. Mwaka 1956, Ernest Sears alieleza jinsi alivyoipata kinga ya kutu ya majani kutoka kwa Aegilops umbellulata: aliimulika mimea kwa eksirei ili kromosomu zikatike, na katika kuunganika upya kipande cha unyasi kikashikamana na kromosomu ya ngano. Mwaka 1977 Sears huyo huyo alitoa ngano iliyopoteza jeni ya Ph1, na kwa njia hiyo mlango ukafunguka kwa wageni wengi zaidi.

Herufi Sr hutaja jeni za kinga dhidi ya kutu ya shina, na Lr dhidi ya kutu ya majani. Sr31 ilitoka kwa rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Sr24 na Sr25 zilitoka kwa unyasi mrefu uitwao Thinopyrum ponticum. Sr36 ilitoka kwa Triticum timopheevii, na Sr35 kwa ngano ya kale yenye ukoo mmoja tu, Triticum monococcum.

Wahenga walisema: ukipenda boga, penda na ua lake. Jeni haiji peke yake. Huja na kipande kizima cha kromosomu. Mkono wa kromosomu ya rai uliobeba Sr31 ulileta pia kinga ya kutu nyingine mbili, jambo lililowafurahisha wakulima, lakini ulileta na protini zinazoufanya unga unate mno unapokandwa, jambo lililowaudhi waokaji mikate. Sr25 nayo iliandamana na rangi ya manjano katika unga. Sehemu kubwa ya kazi ya mtafiti, kwa hiyo, ni kukipunguza kipande hicho mpaka kibaki boga bila ua.

Kinga inavyorithiwa

Kipande cha mgeni kikishashikamana na kromosomu ya ngano, hurithiwa kama mali nyingine yoyote ya ukoo. Ichukuliwe kwamba ngano yenye kinga imezalishwa na isiyo na kinga. Watoto wote watakuwa na nakala moja ya jeni ya kinga, na kwa kuwa jeni nyingi za aina hii hutawala, wote hawatashikwa na kutu. Watoto hao wakijichavusha, kila mjukuu hupokea sehemu moja kupitia chavua na nyingine kupitia yai. Kati ya wajukuu 4, kwa wastani 1 atapata nakala mbili, 2 watapata nakala moja moja, na 1 hatapata kitu. Shambani huonekana mimea 3 mizima kwa 1 yenye kutu. Mimea ikitengana kwa uwiano wa 3 kwa 1, mtafiti hufahamu kwamba anashughulika na jeni moja. Ikitengana kwa uwiano wa 15 kwa 1, hufahamu kwamba zipo mbili, na kila moja inatosha kuukinga mmea.

Si kila kinga hutawala. Mwaka 1905, Rowland Biffen wa Cambridge alichapisha matokeo ya kuzalisha ngano iliyokingwa na kutu ya manjano pamoja na isiyokingwa. Watoto wote waliugua, na kati ya wajukuu, robo tu walikuwa na kinga. Kinga hiyo ilikuwa ya kufichika: mmea ulihitaji nakala mbili ndipo ionekane. Sr2 iliyotajwa hapo juu nayo hurithiwa kwa namna ya kufichika. Lakini lililo muhimu ni kwamba, iwe ya kutawala au ya kufichika, kinga hufuata kanuni zile zile ambazo Gregor Mendel alizieleza mwaka 1866 kutokana na majaribio yake ya njegere. Tofauti ni kwamba kipande cha mgeni kwa kawaida hakibadilishani sehemu na kromosomu ya ngano, hivyo vyote vilivyomo ndani yake husafiri pamoja.

Hapa ndipo ngano inapotofautiana na zao ambalo Kitale inasifika kwalo. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mahindi chotara yaliyoitwa H611, yaliyotokana na mahindi ya Kitale na mengine kutoka Ekwado, na kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1956, ikayasambaza. Tangu wakati huo wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma wamejifunza kwamba mbegu chotara ya mahindi haifai kuhifadhiwa na kupandwa tena. Mahindi huchavushwa na mimea jirani, nguvu ya uchotara hutawanyika, na mavuno hushuka. Kuhusu mahindi hayo, kusema kwamba mbegu imechoka si mbali na ukweli.

Ngano sivyo ilivyo. Ua la ngano hujichavusha lenyewe, kwa kawaida kabla halijafunguka. Mmea ulio na nakala mbili zisizofanana hupunguza hali hiyo kwa nusu katika kila kizazi: katika kizazi cha pili ni nusu ya mimea iliyo hivyo, katika cha tatu ni robo, na kufikia cha sita ni 1 tu kati ya 32. Aina inapomfikia mkulima, karibu kila punje huwa na nakala mbili kamili za jeni ya kinga. Watoto wake watazipata, na wajukuu, na vitukuu. Mbegu ya ngano iliyohifadhiwa vizuri bila kuchanganyika na aina nyingine hubaki na kinga yake kwa miaka 10 kama ilivyokuwa mwaka wa kwanza. Kwa hakika, ikipimwa baada ya shamba kuteketea, jeni itakutwa mahali pale pale.

Kuvu nayo hurithisha

Kama jeni ipo, mbona shamba limeugua? Jibu lilianza kupatikana katika miaka ya 1940, pale Harold Flor wa North Dakota, Marekani, alipochunguza kutu ya kitani. Aligundua kwamba kwa kila jeni ya kinga katika mmea, ipo jeni moja inayolingana nayo katika kuvu. Jeni ya mmea ni kama bawabu aliyefundishwa kuitambua sura moja ya mwizi. Akiiona sura hiyo, huzipa taarifa chembehai za mahali hapo, nazo hujiua ili kuvu ikose pa kujilisha. Lakini mwizi akibadilisha sura, bawabu humpisha. Bawabu hajalala wala hajazeeka. Anayemjua ni yule wa jana.

Maelezo hayo yamethibitishwa hata kwa kutu ya shina. Mwaka 2013 jeni ya Sr35 ilitengwa na kusomwa herufi kwa herufi, na mwaka 2017 ikapatikana jeni ya kuvu inayotambuliwa nayo. Mbari za kuvu zinazoishinda Sr35 zilikutwa na jeni hiyo ikiwa imeharibika. Yaani kuvu ilipata ushindi kwa kupoteza kitu, na hasara hiyo ikairithisha kwa vizazi vyake.

Afrika Mashariki ilishuhudia jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere kusini-magharibi mwa Uganda, kutu ya shina ilionekana kwenye ngano zenye Sr31, jeni ya rai iliyokuwa imetegemewa katika sehemu nyingi za dunia. Mbari hiyo ilithibitishwa mwaka 1999 na ikaitwa Ug99. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 21 ikawa imeingia Kenya. Ethiopia iliipata mwaka 2003, Yemen na Sudan mwaka 2006, na Iran mwaka 2007. Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1970, alifika Kenya mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 91 ili kupiga mbiu ya hatari. Tangu hapo kituo cha Njoro kimekuwa uwanja ambao maelfu ya ngano kutoka nchi nyingi hupandwa kila mwaka ili zikabiliane na kutu yenyewe.

Mbiu ilipokuwa ikipigwa, kuvu haikungoja. Mwaka 2006 mbari ya ukoo wa Ug99 inayoishinda pia Sr24 ilipatikana Kenya, na mwaka uliofuata aina iitwayo Kenya Mwamba, iliyoitegemea jeni hiyo na iliyokuwa imepandwa kwa wingi, ilishambuliwa vibaya. Mwaka huo huo wa 2007 ilipatikana mbari inayoishinda Sr36. Baadaye aina iitwayo Robin ilipendwa na wakulima kwa mavuno yake. Mwaka 2014 zikapatikana mbari zinazoishinda jeni yake kuu, SrTmp, ambayo asili yake ni ngano ya mkate, nayo Robin ikaanza kuugua. Hakuna hata mbegu moja kati ya hizo iliyopoteza jeni yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Mfululizo huo una funzo. Jeni zilitolewa moja baada ya nyingine, na kuvu ikazipanda kama ngazi, kidato baada ya kidato. Ichukuliwe kwa mfano kwamba spora 1 kati ya milioni 1 hubadilika kiasi cha kuishinda jeni moja. Shamba moja lililougua hutoa spora nyingi kuliko hizo mara maelfu, kwa hiyo ushindi ni suala la muda tu. Lakini kama mmea una jeni mbili ambazo zote bado ni mpya kwa kuvu, spora itahitaji mabadiliko mawili kwa pamoja, na nafasi yake ni 1 kati ya milioni milioni. Jeni tatu huipunguza nafasi hiyo mara milioni 1 zaidi. Hata hivyo, hesabu hiyo huharibika ikiwa jeni mojawapo inapandwa peke yake katika shamba jirani, kwani kuvu itajifunzia huko.

Ugumu ni kwamba kanuni zile zile za urithi huifanya kazi ya kukusanya jeni kuwa ndefu. Ngano mbili zikizalishwa, kila moja ikiwa na jeni yake, ni mjukuu 1 tu kati ya 16 atakayekuwa na nakala mbili za kila jeni. Kwa jeni tatu ni 1 kati ya 64, na kwa nne ni 1 kati ya 256. Zaidi ya hayo, jicho halisaidii: mmea wenye jeni moja imara na wenye jeni tatu huonekana sawa, yote haina kutu. Ndiyo maana watafiti hutumia alama za DNA, ambazo huonyesha kwa kipimo cha maabara ni jeni zipi zilizomo katika jani la mche mchanga. Mwaka 2021 kikundi cha watafiti kilieleza jinsi kilivyoziunganisha jeni tano katika kipande kimoja na kukiingiza ndani ya ngano, zikarithiwa zote kwa pamoja kama jeni moja. Hiyo ni ngano ya uhandisijeni, nayo ilipandwa katika majaribio tu.

Njia ya pili ni ya upole zaidi. Zipo jeni ambazo haziizuii kutu kabisa bali huichelewesha. Mfano wake mkuu ni Sr2, ambayo bado inatumika karibu miaka 100 baada ya McFadden kuipata. Mmea wenye kinga ya namna hiyo huwa na madoa machache, yanayokua polepole, huku punje zikijaa. Kwa kuwa kuvu haikufungiwa mlango kabisa, mbari mpya haipati faida kubwa dhidi ya nyingine. Sr2 peke yake haitoshi pale kutu inapokuwa kali, lakini ikiandamana na jeni nyingine kadhaa za aina yake huzaa kinga inayodumu. Mkulima anayeona madoa machache kwenye ngano ya namna hii anaweza kudhani amedanganywa, kumbe huenda shamba lake ndilo lenye kinga ya kuaminika.

Wimbi wa Bungoma na jamaa wake

Jeni nyingi zilizotajwa katika makala haya zilitoka mbali: Asia ya Magharibi, Ulaya na kandokando ya Bahari ya Kaspi. Lakini si kila zao la Afrika Mashariki lina jamaa wa mbali. Wimbi, unaolimwa Bungoma tangu enzi za mababu, ulifugwa kutoka kwa nyasi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, na wimbi mwitu ungali unaota kando ya mashamba na ndani yake. Hufanana mno na wimbi halisi unapokuwa mchanga, na mpalilizi huutambua vyema unapotoa masuke.

Kwa upande wa urithi, wimbi una bahati ambayo ngano haina. Wimbi wa shambani na wa porini una kromosomu 36 kila mmoja, na huzaana bila chupa wala eksirei. Adui yake mkuu magharibi mwa Kenya ni kuvu nyingine, inayosababisha ugonjwa wa mlipuko unaokausha shingo ya suke na vidole vyake. Kinga dhidi ya ugonjwa huo nayo hutafutwa katika utajiri wa jeni uliohifadhiwa, na mbegu za mimea ya aina hiyo hutunzwa katika benki ya jeni ya taifa iliyoko Muguga. Gugu linalong'olewa Bungoma ni mali mtu asipolitazama kwa jicho la jembe pekee. Hakuna anayemtaka mkulima aache kupalilia, bali kingo za mito na misitu ya Mlima Elgon zikilimwa zote, jamaa huyo naye atatoweka, na siku ya haja hatakuwepo wa kubishiwa hodi.

Hitimisho

Imebainishwa katika makala haya kwamba kinga ya kutu katika ngano ni mali ya kuazima kutoka kwa jamaa, kwamba ikishaingia hurithiwa kwa kanuni zinazojulikana, na kwamba ngano, tofauti na mahindi chotara, huirithisha bila kupunguza. Kinachobadilika ni kuvu. Kauli kwamba mbegu imechoka huihukumu mbegu kwa kosa la adui yake, na humfanya mkulima kununua upya kile ambacho kuvu imekwisha kukishinda.

Pengine lugha inaweza kusaidia pale ilipopotosha. Afisa wa kilimo akimwambia mkulima wa Kitale kwamba kutu imebadilika, swali linalofuata hubadilika pia. Badala ya kuuliza ni wapi atapata mbegu safi zaidi ya aina ile ile, mkulima atauliza ni aina gani inayosimama mbele ya kutu ya mwaka huu, ina jeni ngapi, na kama majirani zake wote wamepanda aina hiyo hiyo moja. Ataona pia sababu ya kung'oa ngano maotea baada ya mavuno, kwa kuwa ndiyo hifadhi ya kuvu kati ya misimu, na sababu ya kutoa taarifa mapema aonapo madoa kwenye aina iliyosifiwa kuwa haishikwi. Taarifa hiyo huwapa watafiti wa Njoro nafasi ya kuijua sura mpya ya mwizi kabla hajafika kwenye mashamba ya wengine.